Asilimia Nane ya Umande

Fomu yenu inauliza, kwa maneno yasiyozidi mia tatu,
kwa nini natafuta shahada ya uzamili katika uhasibu.
Nimeandika "kukuza taaluma yangu". Nimefuta.
Nimeandika "tangu utotoni nimependa namba".
Uongo. Utotoni nilizichukia
kama mtoto anavyomchukia mgeni
ambaye akishaondoka, mama hukaa kimya.

Basi niacheni nianze na mizani.

Mwezi wa Mei, bondeni Kazanlak, waridi huchumwa
kabla jua halijapanda; likipanda, harufu hupaa nalo.
Saa kumi na moja alfajiri mama yuko shambani,
aproni imemvimba mbele kwa petali,
nami nyuma yake, vidole vimejaa miiba.
Saa nne tuko kwenye foleni ya ushirika,
magunia miguuni, nyuki wanatufuata kudai chao.

Karani alikuwa Metodi, kalamu sikioni,
mtu wa haya, asiyemtazama mtu usoni.
Alipima. Aliandika. Akaondoa asilimia nane.
"Umande," alisema. "Maji hatuyalipii."
Na asubuhi ya umande, hiyo ni haki.

Lakini mwaka wa ukame, nikiwa na miaka kumi na mmoja,
petali zilikauka kama karatasi ya sigara,
na umande ukakatwa vile vile.
Kilo arobaini na mbili: toa tatu na gramu mia tatu sitini.
Nilikokotoa kwa kijiti vumbini, nikamwita mama.
Akaifuta hesabu yangu kwa kiatu.
"Metodi ana daftari," alisema. "Sisi tuna magunia."

Mali bila daftari hupotea bila habari, sawa.
Yetu ilikuwa na daftari.
Ilipotelea humo humo, kwa mwandiko mzuri.

Shahada ya kwanza niliisomea Plovdiv, kwa hasira.
Ushirika ulipokufa wakaniita nisaidie kufunga hesabu,
nikaenda kama aendaye kumfukua mwizi.
Majalada kumi na tisa. Ukungu. Risiti za makaa.
Umande wote ulikuwemo, mwaka hadi mwaka,
katika safu moja iitwayo Mengineyo.

Niliifuata siku tatu.
Ikanifikisha kwenye mtambo wa kukeneka mafuta
uliopasuka majira ya baridi,
kwenye mkopo wa benki, kwenye riba ya riba.
Metodi alikuwa akiulipa kwa umande usiokuwepo,
asije akasimama mbele ya wanawake mia mbili
na kuwaambia ushirika wao umefilisika.
Hakula hata leva moja.
Nami nilikuwa nimemsokotea kamba
kwa miaka kumi na miwili.

Nilikaa sakafuni. Sikujua machozi yale
niyaandike kulia au kushoto mwa leja.
Kwa maana hakuiba.
Ila mama alilipia mtambo miaka tisa
bila kuulizwa, bila kujua kuwa ni wake.

Jambo hilo linaitwaje?
Shahada ya kwanza haikunipa jina lake.
Ilinifundisha kusawazisha tu,
na vitabu vya Metodi vilisawazika hadi senti.

Mnauliza pia malengo ya miaka mitano.
Rafiki yangu Yordanka, aliyeko Sofia,
ananishauri niandike "uwazi", wanalipenda.
Mimi ninataka kitu kidogo zaidi:
ukurasa mmoja wa hesabu
ambao mtu aliyetoka kuchuma ataushika kwa vidole vyake
na kuuliza swali, na ukurasa ujibu.

Maana nilipomsimulia mama habari ya mtambo,
hakulia, hakumlaani mtu.
Aliendelea kumenya viazi, kisha akasema,
"Kwa hiyo ulikuwa wangu kiasi gani?"

Bado sijui namna ya kukikokotoa.

Maneno yamepita mia tatu, naona.
Punguzeni mnachotaka.
Ila mseme ni nini mnachopunguza.
Msiniambie ni umande.