Sifuri za Mama

Tope la Qurum, nyuma ya kelele za barabara,
na mimi magotini na fremu yangu ya mbao:
tondo kumi na saba,
kaa wa gando moja kubwa, tisa,
na wengine wa aina nne wasio na jina nyumbani kwetu.
Aina sita. Wote walamba tope lile lile.

Nikirudi Al-Khuwair nawageuza tarakimu.
Safu sita, mistari sita,
katika kila kijumba: huyu humpunguzia yule kiasi gani;
na kwenye ulalo, kila mmoja anavyojibana mwenyewe.
Kisha naisukuma jamii yote, kidogo tu,
kama unavyogusa bakuli lililojaa pomoni
uone maji yatatulia au yatamwagika.

Yanamwagika. Nikirudia, yanamwagika.
Ndani ya kompyuta hubaki tondo peke yake,
mwenye nyumba asiye na mpangaji.
Na kule mikokoni wako, sita wote,
wananenepa, hawana habari na hesabu yangu.

Mama anachambua mchele ng'ambo ya meza.
"Hao wadudu wako wanagombana?"
Wanagombana.
"Nani na nani?"
Kila mmoja na kila mmoja, nasema, sawasawa.
Akacheka mpaka ungo ukamwaga.
"Nyumba gani hiyo, Thuwaiba?
Vyombo vya kabati moja hugongana, ndiyo,
lakini sahani ya juu na birika la chini, wapi na wapi?
Kaka zako hawasemezani tangu kile kiwanja cha Barka.
Nasor hula alfajiri, Humudi baada ya isha.
Jiko moja. Umesikia sahani ikivunjika?"

Nikafuta nusu ya namba. Nikaweka sifuri,
sifuri za mama, kama vijiwe alivyovitenga pembeni,
nikasukuma tena.
Bakuli likatikisika, likatikisika,
likatulia kwa hasi moja nyembamba,
sifuri nukta sifuri tatu:
si mapatano, ni kutomwagika tu.

Lakini sifuri hizo nimezibuni, sikuzihesabu.

Mama amefunika sahani ya Humudi kwa kawa.
Saa tatu na nusu. Maji yanakupwa Qurum.
Natafuta tochi, na viatu vya mpira.
Miaka miwili ya tope,
na sijawahi kwenda usiku
kuona nani anakula baada ya isha.