Ugonjwa wa Mwezi wa Nane

Imefika gerejini ikivutwa kwa kamba,
nyekundu, viti viwili, paa la turubai,
imeundwa Milano mwaka ule niliooa.
Nyuma ya usukani, mwalimu Immacolata Schirò,
miguu juu ya gazeti
maana sakafu ya gari inaunguza.

"Imezima tena. Via Roma, mbele ya posta.
Gia ya kwanza, breki, gia ya kwanza, breki,
halafu kimya. Basi la watalii nyuma yangu
likanipigia honi, utadhani kiangazi nimekileta mimi."

Mafundi watatu wamekwishaipitia.
Wa kwanza alibadili pampu ya mafuta.
Wa pili koili, plagi, na nyaya zake zote.
Wa tatu alibadili bei.

Nafungua boneti. Nawasha: inawaka.
Itakosaje kuwaka, imekaa saa nzima kivulini;
gari nalo likifikishwa kwa daktari
husahau palipokuwa panauma.
Feni inazunguka. Rejeta haivuji.
Mshale wa joto umetulia katikati na adabu zake.

Nikamwambia: kesho tuipeleke kwenye foleni,
tukae nayo mpaka ife mbele ya macho yangu.
Kumbe kesho ni tarehe kumi na tano,
Palermo nzima imehamia ufukweni Mondello,
taa zote kijani, Via Roma nyeupe, tupu.
Miaka thelathini nimeitukana foleni ya mji huu;
siku niliyoihitaji, ikaninyima.

Basi, joto lisipotujia, tulipike.
Nikamwita Ninfa, msusi wa ghorofa ya pili.
Saluni imefungwa, lakini alitushushia dirishani,
ndani ya kikapu, kwa kamba,
mashine yake ya kukaushia nywele.

Injini inanguruma taratibu.
Napuliza koili: haijali.
Napuliza rilei ya pampu: haijali.
Nalala chali, mkono unapenya penye giza na grisi
mpaka kwenye sensa ya krenki,
kijidude kisichozidi kidole gumba,
kazi yake kuhesabu meno ya gurudumu
na kuiambia kompyuta: sasa, sasa, sasa.

Napuliza. Dakika moja. Mbili.
"Mshale wa mizunguko!" mwalimu anapiga kelele.
"Umeanguka sifuri!"
Na injini bado inazunguka, kwa mazoea tu,
pumzi mbili zaidi,
kisha ikanyamaza.

Nikanyoosha mkono: nipe hiyo granita yako.
"Ya limau?"
Yoyote, mwalimu.
Nikaifunga kwenye kitambaa, nikaikandamiza pale,
maji matamu yakinichuruzika kwapani.
Washa.
Ikawaka.

Hakuna kilichovunjika.
Humo ndani uzi wa waya una ufa usioonekana,
baridi inaushikanisha, joto linauachanisha,
na kijidude kinapoteza hesabu.
Pampu haikuwa na kosa. Koili zilitimuliwa bure.

"Nikulipe nini?"
Bei ya sensa, na granita nyingine.

Septemba watu wamerudi, na moshi wao, na honi zao.
Simu inalia saa saba mchana, mwalimu hasemi neno,
ameielekeza tu kwenye boneti.
Nyuma yake mtu anatukana mama wa mtu.
Naweka spana chini, nasikiliza:
sasa, sasa, sasa, sasa.