Spana Namba Kumi na Tatu

Alfajiri, Akureyri. Theluji inakwaruza milango ya hanga.
Ubaoni kila spana ina kivuli chake cha rangi nyekundu,
na kivuli kimoja ni kitupu.

Steinvör, mkuu wa usalama, haulizi nani.
Anauliza: mara ya mwisho ilionekana wapi?

Hlynur anameza mate.
"Injini ya kushoto. Jana. Nilidhani nimeirudisha."

Abiria thelathini na saba wanapiga miayo,
mkurugenzi anapiga simu, mara tatu,
na ndege haiendi.

Miaka ishirini nyuma yeye ndiye aliyelala chini ya bawa,
mikono grisi tupu, mdomo umefungwa.
Siku moja alinyamaza,
na bahati, si yeye, ikairudisha ndege ile nyumbani.
Ndiyo sababu aliomba kiti hiki:
nani huvishwa nishani
kwa mazishi yasiyofanyika?

Saa mbili wanaipata, imeegemea bomba la mafuta,
baridi kama samaki.
Anampa Hlynur aitundike mwenyewe.
"Asante kwa kusema."
Kisha, akitazama theluji, kwa mara ya kwanza:
"Mimi sikusema."