Safu Mbili

Aprili, mjini Tulare. Meza ya jikoni nimeifuta mara mbili
na bado inanuka vitunguu.
Karatasi ya mapato imekuja moja, ina jumla moja,
kana kwamba mwaka mzima nilimwogesha mtu mmoja.

Mama yangu, Idalina, analala chumba cha nyuma.
Ninamgeuza saa nne, ninamgeuza saa nane,
na serikali ya jimbo hunilipa ujira wa mlezi.
Fedha hiyo, anasema Bi. Ruelas wa kodi, haitozwi,
kwa kuwa mimi na Mama tunaishi chini ya paa moja.

Bwana Haugen yuko ng'ambo ya barabara.
Ninamkata kucha. Ninamsomea gazetini bei ya maziwa,
ingawa ng'ombe wake wa mwisho aliuzwa mwaka juzi.
Hiyo inatozwa.
Sabuni ile ile, mgongo wangu ule ule.
Barabara ina upana wa hatua kumi na tisa. Nimezihesabu.

Bi. Ruelas akapiga mstari katikati ya ukurasa:
"Huku mama, huku jirani.
Za mama usizifiche. Zitaje, kisha uzitoe."

Nikamuuliza: na ule usiku wa Julai,
umeme ulipokatika, mashine ya oksijeni ya Haugen ikanyamaza,
nikavuka na Mama kwenye kiti chake cha magurudumu,
nikawalaza wote sebuleni kwa Haugen,
mimi katikati, tochi mdomoni,
nikibadilisha mtungi huku Mama amenishika pindo,
usiku ule niuandike safu gani?

Akashusha miwani.
"Kwako ni wapi?"
Ng'ambo, nikasema. Pale penye taa ya kijani.
"Basi saa za mama ni za mama, za jirani ni za jirani."

Sawa. Dawa ya deni kulipa; ya Haugen nitailipa hadi senti.
Ila pindo lile sikuliona kwenye fomu.

Mama ameita. Anauliza, kwa Kireno chake cha kisiwani,
ninaandika nini usiku huu wote.
Hesabu, Mama.
"Na mimi umenihesabu?"
Nimekuhesabu, Mama. Kisha nimekutoa.

Kimya. Halafu kicheko, kikavu, cha kukohoa.
"Basi njoo unigeuze," akasema,
"saa nne imeshapita."