Namba Hazilingani

Alikuja Jumamosi kutoka Linz, bwana Wimmer,
na tochi, na kioo cha kukuzia,
na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga samadi.
Nikamfungulia ghala. Kuku walitoka kwanza.

Ilikuwa nyuma kabisa, karibu na mashine mbovu ya kupura ngano,
chini ya blanketi la jeshi, magurudumu yamekata pumzi,
tangi lake jekundu limeiva hadi kukaribia weusi,
na kromu ya ubavuni ina madoadoa kama mikono ya bibi.
Nilikwisha kununua msasa na kopo la rangi.
"Usiguse!" akasema, kama aliyeona mtoto karibu na jiko.
"Kutu hii ina bei. Rangi mpya kila mjinga anayo."

Akapiga magoti, akaanza kunisimulia
mambo niliyoyasikia kabla sijang'oa jino la kwanza:
kwamba kiwanda kilianza na silaha kabla ya safari;
kwamba wahandisi waliichora kwa siri, chini ya pua za Wajerumani;
kwamba vita vilipokwisha, watu wasio na sukari waliitamani,
maana ilikuwa na springi nyuma,
na mgongo ulikwisha kuteseka vya kutosha.

Akafuta grisi kwenye fremu. Akasoma.
Akafuta kwenye injini. Akasoma. Akasoma tena.
Nikamwona anazeeka.
"Namba hazilingani.
Injini hii si ya fremu hii. Zingelingana, ningekulipa vizuri sana.
Sasa..." Akapima hewa kiganjani kama anayekadiria chumvi.
"Nusu. Chini ya nusu."

Hakuuliza kwa nini.

Februari ya arobaini na tisa, nyumba hii ilikuwa na vijana wawili
na pikipiki mbili zilizotoka kiwanda kimoja:
ya babu yangu Bohumil, na ya mdogo wake Vratislav.
Ya Vratislav ilikuwa imechoka, pistoni inakohoa,
na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya mtu,
na alikuwa na usiku mmoja wa kuufikia mpaka.
Wakaziba madirisha kwa magunia. Wakawasha mshumaa,
kwa sababu jirani alikuwa na macho, na jirani alikuwa na kalamu.
Wakafungua boliti kwa vidole vilivyoganda,
injini ile huku, injini hii kule,
na hawakusema kitu, bibi aliniambia,
ila "spana," na "shika," na "bado."
Kabla hakujapambazuka mdogo mtu aliondoka na moyo mzima.
Kaka mtu akabaki na ule unaokohoa,
akaenda nao kazini miaka kumi na tisa,
akiisukuma pikipiki kwa miguu kila kilima.

Barua haikuja. Wala habari mbaya haikuja.

Nilimwambia bwana Wimmer robo ya haya.
Akanyamaza. Akatoa daftari (watu hawa wote wana daftari),
akalamba kidole, akarudi nyuma kurasa nyingi.
"Graz," akasema. "Kwa mjane wa daktari wa meno. Mwaka juzi.
Niliikataa. Fremu na injini zilikuwa hazipatani."
Akanisomea namba ya injini ile, tarakimu moja moja,
na mimi nikaifuata kwa kidole
kwenye fremu iliyokuwa mbele yetu, hadi ya mwisho.

Kwa hiyo alifika.
Au pikipiki ilifika; hilo nalo si dogo.

Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama bado nauza.
Nikamuuliza Graz ni kilomita ngapi.

Alipoondoka nilikanyaga kiki.
Haikuwaka, ingewakaje, haina hata tone.
Lakini pistoni ilishuka, ikapanda,
na ndani ya chuma kitu kikavuta pumzi.

Lile kopo la rangi nimelirudisha dukani.
Hawakunipa pesa yangu yote.