Matone Nyuma ya Ankara

Leo, chelezoni Duqm, wamefungua injini ya tagi namba nne,
na mimi, mtu wa hesabu, nimeitwa nishuhudie.
Miaka kumi na mmoja nimekilipia chumba hiki
bila kukanyaga ngazi yake.
Nje ni joto la kukaanga yai. Humu ndani
kuna harufu ya chuma kilichokula kikashiba.

"Mulika hapa," ananiambia Biju, fundi wa zamu,
"ndani ya silinda. Unaona?"
Naona mistari myembamba, inakatana mshazari
kama ukili uliosukwa na mtu asiye na haraka.
"Mikwaruzo ya kiwandani hiyo, ya siku ilipozaliwa.
Saa elfu thelathini na moja, bwana, na haijafutika."
Anacheka peke yake.

Suweid bin Rashid alikuwa akija ofisini na buti zake,
akiacha nyayo nyeusi mpaka kwenye kiti cha wageni.
Kiarabu chake kilikuwa cha salamu.
Kiswahili cha Wete, alichonyonya kwa mama,
alikitunza kwa ajili ya ugomvi.
"Pipa lile sitalitia."
"Lina chapa, lina muhuri, lina riyali themanini pungufu."
"Lina maji ya kuoshea vyombo. Rahisi huvunja upishi."

Kisha hutoa kichupa cha dawa ya kikohozi,
hudondosha tone moja la oili iliyotumika
nyuma ya ankara yangu. Ankara yangu!
"Ngoja," husema.
Tukangoja, kiyoyozi kikikoroma juu yetu.

Tone zuri hutambaa,
hubeba masizi yake taratibu hadi ukingoni
kama mwenye nyumba anayetoa taka nje alfajiri.
Tone bovu hujikunyata katikati,
jeusi, limekumbatia uchafu wake.

"Dizeli ina salfa. Salfa huzaa tindikali.
Haya mafuta yamewekewa kitu kama magadi,
huitafuna tindikali kabla haijaitafuna beringi."
"Na magadi yakiisha?"
"Ndipo chuma kinapoanza kulipa deni kwa mwili wake."
Nikaandika: *maelezo ya fundi, hayana takwimu.*

Nilimshinda mara moja.
Tagi namba tano, pacha wa hii,
kiwanda kimoja, mwaka mmoja, rangi moja.
Nikaijaza pipa langu, nikapata barua ya pongezi.
Saa elfu tisa. Kusini ya Masirah, ikivuta tishali la mawe,
beringi ziliyeyuka, zikaganda na shafti,
na watu sita wakakaa siku mbili wakitazamana na mawe yale.
Gharama ilipokuja, safu yangu ilikuwa nyembamba mno
kuionyesha tarakimu.
Nikaipanua.
Nikaipanua tena.

Suweid hakusema *nilikwambia.*
Aliuliza tu kama nina karatasi ya kupangusia mikono.

Sasa amestaafu, yuko Ibra,
nasikia anagombana na pampu ya shamba la mwanawe.
Nami nimepanda kutoka chelezoni na grisi kwenye mkono wa kanzu,
nimefungua kabati la chini, majalada ya miaka yote,
nimezigeuza ankara chali, moja baada ya moja.
Duara kwa duara, zimekauka, rangi ya chai ya rangi,
na pembeni ya kila duara, kwa penseli, tarehe na saa za injini,
mwandiko mdogo, ulionyooka kuliko wangu.
Takwimu zilikuwepo.
Nilizipiga mihuri kwa upande wa pili.

Mezani kuna waraka mpya kutoka makao makuu Maskati:
punguzeni vilainishi kwa asilimia kumi na tano.
Nimemtuma kijana kwa Biju na kichupa.
Nimeugeuza waraka.
Tone limeanguka karibu na alama ya nembo,
limesita kidogo,

nangoja.