Klachi si Mende

Miaka kumi na minne mguu wangu wa kushoto
ulikuwa umestaafu.
Nilikuwa nikiupandisha garini kama mgeni wa heshima,
nikiuketisha kwenye kapeti, haugusi kitu,
huku wa kulia ukifanya kazi ya wawili
na gari lenyewe likijichagulia gia
kama mtoto wa tajiri anavyojichagulia viatu.

Kisha giaboksi ikafa, pale Makupa, saa sita ya mchana.
Fundi Shebwana akainama, akainuka,
akafuta mikono kwa tambara chafu kuliko mikono,
akataja bei.
Nikamuuliza: hiyo ni giaboksi au mahari?
Hakucheka.

Ndiyo maana leo nimo ndani ya pikapu ya kaka yangu Bunu,
Peugeot iliyokwishasahau rangi yake.
Mlango haufungi mpaka uupige nyonga.
Kichwa cha gia kimefutika namba zote;
za nini, alisema, mkono unajua.
Mkono wake. Wangu haujui.
Nyuma nimepakia sinia nane za sambusa
za arusi ya Mtongwe,
na arusi haimngoji mtu ajifunze.

Nakanyaga klachi. Napachika moja. Naachia.
Gari laruka kama mbuzi aliyeona kisu,
lazima.
Nawasha. Laruka. Lazima.
Umri wote huu sijapata kulisikia neno hili vizuri:
lazima, lazima, lazima.
Faki wa jirani, skuli zimefungwa,
yuko barazani na achari yake ya embe, anatazama:
«Shangazi, taratibu! Klachi si mende!»

Basi, klachi si mende. Nikaondoka na hilo.
Kutoka Kuze mpaka Ferry kwa namba mbili,
injini ikilia kama msumeno,
maana tatu iko mbali, kule mbele gizani,
na nne nasikia tu kwamba ipo.

Kushuka kuingia ferini, sawa. Kushuka hata jiwe linaweza.
Lakini ng'ambo, Likoni, maji yamekupwa,
kupwa la bamvua, mpaka zege limeonyesha chaza zake,
na njia ya kutokea imesimama wima.
Watu wakatangulia, mikokoteni ikafuata,
na mmoja, wa vitunguu, ukakwama katikati ya mlima.
Nikasimama. Hendibreki.
Nyuma yangu gari jeupe, jipya, la kujiendesha,
mwenyewe anatafuna njugu.
Nyuma yake, bahari.

Hapo mguu ukaamka.
Haukuniuliza. Ulizungumza na chuma moja kwa moja,
ukapanda nusu kidole, ukasita,
na pikapu ikatetemeka, ikainua pua,
haiendi mbele, hairudi nyuma,
sote tumening'inia kwenye unene wa sarafu.
Nikamwona mwalimu Nzaro, mteremko wa Buxton,
akiweka kiberiti nyuma ya gurudumu:
ukikiponda, soda ni juu yako.
Nilikuwa na miaka ishirini na miwili,
na sikununua soda hata moja.
Nilikuwa nimemsahau msichana yule.
Nilidhani ni kuendesha tu ndiko nilikosahau.

Mkokoteni ukachomoka. Nikapanda.
Yule wa njugu hata hakujua alivyonusurika.
Likoni yote nikaipita kichwa juu,
tatu ikaingia, sijui nani aliyeiingiza,
na karibu na Mtongwe, nakuapia, nne.

Ami yake bi arusi akaja kupokea sinia,
akanusa, akazunguka gari, akanusa tena.
«Mbona kama kitu kinaungua?»
Nikasema sambusa hizo, zingali moto.
Kisha nikatazama ndani:
hendibreki, nusu juu, tangu ferini.

Mguu wa kushoto ulikuwa umetulia pale chini,
mtu mzima, mstaarabu,
kama asemaye:
hiyo ni kazi ya mkono.